Fundi Wetu: Mpira wa Injini Usigeuzwe Jiwe



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo ndani ya gari. Watu wengi hawakijui, kwa sababu kimejificha chini ya injini. Kitu hicho ni mpira unaobeba injini. Mafundi wa gereji hukiita mauntingi.

Huenda wewe huna gari. Lakini mazao yako hupanda gari kwenda sokoni. Wewe mwenyewe hupanda daladala ukifika mjini. Na pengine kijijini kwenu kipo kikundi kilichochanga fedha na kununua gari. Kwa hiyo jambo hili linakuhusu.

GARI LA KIKUNDI

Tuchukue mfano. Wakulima 12 wa wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani, wameunda kikundi. Wanalima mihogo na machungwa. Wamenunua gari dogo la mizigo aina ya Suzuki Carry, ambalo watu wa mjini huliita Kirikuu. Kila alfajiri gari hupita Vikindu, huingia Mbagala kwa barabara ya Kilwa, kisha hupeleka mizigo soko la Temeke Stereo.

Siku moja gari lilianza kugonga. Dereva alipotia gia na kuachia klachi, alisikia kishindo chini ya kiti. Gari liliposimama huku injini inawaka, kiti na usukani vilitetemeka. Dereva akaingia gereji moja huko Temeke.

Kijana wa gereji akainua kiti, kwa maana injini ya Kirikuu iko chini ya viti. Akaona mauntingi mbili za injini zimechoka. Moja ilikuwa imepasuka kabisa.

"Kaka, mipira hii imekwisha," alisema. "Ukinunua mingine laini, nayo itakufa. Nikukatie ya tairi. Hiyo haifi, na bei yake ni nusu."

Dereva alikubali. Kishindo kiliisha siku ile ile, akafurahi. Lakini wiki ya pili usukani ulimtetemesha mpaka vidole vikafa ganzi. Wiki ya tatu nati za bomba la moshi zililegea. Mwezi wa pili chuma kinachoshika injini kilipata ufa, na rejeta ikaanza kuvuja. Gari likalala siku 4. Machungwa yaliyokwisha kuchumwa yakaanza kuoza.

Mama Mwenyekiti aliuliza mkutanoni: "Tuliambiwa mpira ule haufi. Mbona sasa gari ndilo linalokufa?"

Swali hilo ni zuri. Tulijibu pamoja.

KAZI YA MAUNTINGI

Mauntingi ni vipande viwili vya chuma, na katikati yake mpira uliogandishwa kwa moto kiwandani. Chuma kimoja hufungwa kwenye injini. Chuma kingine hufungwa kwenye fremu ya gari. Kwa kawaida gari kama hili huwa na mauntingi mbili za injini, na nyingine nyuma, chini ya gia boksi.

Mauntingi ina kazi tatu:

1. Hubeba uzito wa injini.
2. Huzuia injini isihame mahali pake.
3. Humeza mtikisiko wa injini, ili usifike kwenye bodi ya gari.

Watu wengi huzijua kazi mbili za kwanza. Kazi ya tatu huisahau. Tuifanyie hesabu.

Injini hupata nguvu kwa kuwasha mafuta ndani ya silinda. Kila mafuta yanapowaka, injini hupata pigo. Katika injini ya kawaida ya petroli, kila silinda huwaka mara moja injini inapozunguka mara mbili. Injini yenye silinda 3 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, huwaka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 25 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ni mapigo 90,000. Na hapo gari limesimama tu, halijaondoka.

Mapigo hayo lazima yaende mahali. Mpira laini huyameza. Mpira mgumu hauyamezi, huyapitisha. Yakishapita huenda kwenye fremu, kwenye rejeta, kwenye nati, kwenye taa, na kwenye mgongo wa dereva.

Mama mwenye kubeba ndoo ya maji kichwani hutia kata kwanza. Kata ni laini. Je, akitia jiwe badala ya kata, kwa kuwa jiwe halichakai? Jiwe litadumu, lakini kichwa kitaumia. Mauntingi ndiyo kata ya gari.

WENZETU WALIJIFUNZAJE?

Hapo zamani injini nyingi zilifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu. Magari yalitetemeka sana, hasa yale yenye silinda 4. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ilikaa juu ya mipira. Waliuita mtindo huo "nguvu inayoelea". Mwaka uliofuata, 1932, kampuni ya Citroën ya Ufaransa nayo ikaanza kuutumia. Leo karibu kila gari lina mipira hiyo. Basi tukiuondoa ulaini wake, tunalirudisha gari nyuma kwa miaka mingi.

KWA NINI MPIRA HUFA?

Mpira hauishi milele. Joto la injini huukausha. Mashimo ya barabarani huuvuta na kuupiga. Mzigo uliozidi huuchosha. Dereva anayeachia klachi kwa ghafla huuchana.

Lakini adui mkubwa ni oili. Oili ikivuja na kudondokea mpira wa kawaida, mpira huvimba, hulainika kama uji mzito, kisha hupasuka. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mpira, tazama juu yake. Kama kuna oili inavuja, ziba hapo kwanza. Ukifunga mpira mpya bila kuziba oili, umetupa fedha.

AINA TATU ZA MPIRA

Ukifika dukani au gereji utaambiwa habari za aina tatu.

Ya kwanza ni mauntingi iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Ulaini wake umepimwa kulingana na injini yako. Magari mengine madogo ya abiria yana mauntingi zenye maji mazito ndani yake. Ukiona maji hayo yamevuja, mauntingi imekufa, hata kama mpira haujapasuka.

Ya pili ni mauntingi ngumu ya kisasa. Hii hutengenezwa kwa kitu kinachofanana na mpira na plastiki, kiitwacho poliyurethani. Nyingi zina rangi nyekundu, ya manjano au nyeusi. Haiogopi sana oili, na hudumu. Huishika injini barabara isiyumbe. Madereva wa mashindano huipenda, kwa sababu gari hujibu upesi wanapokanyaga mafuta. Lakini gari la mashindano hukaguliwa na mafundi kila mara, na dereva wake hajali kutetemeka. Gari la machungwa si gari la mashindano.

Ya tatu ni kipande cha tairi kuukuu. Tairi hutufaa kwa mambo mengi. Tunapata ndara, tunapata kamba za kufungia mizigo. Lakini tairi limetengenezwa kubeba gari zima. Ndani yake mna nyuzi, na mara nyingi mna waya za chuma. Ni gumu mno kwa kazi hii. Tena kipande hicho hakikugandishwa na chuma. Kinabanwa tu kwa bolti, na bolti ikilegea injini hucheza.

Yule kijana wa gereji hakuwa mwizi. Alitaka kumsaidia mteja mwenye fedha kidogo. Na ni kweli kwamba kishindo kiliisha. Lakini kishindo kuisha si dawa. Mpira ulikuwa umeacha kazi yake, na kazi hiyo ikahamia kwenye vyuma.

JINSI YA KUKAGUA

Mweleze dereva wenu afanye hivi akiwa pamoja na fundi:

1. Zima injini na uiache ipoe. Fungua boneti, au inua kiti kama gari ni Kirikuu. Tazama kila mauntingi kwa tochi. Je, mpira una ufa? Umeachana na chuma? Umelowa oili?

2. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Vuta breki ya mkono. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari.

3. Dereva awashe injini, akanyage breki kwa nguvu, atie gia, kisha aachie klachi kidogo sana. Fundi atazame injini akiwa pembeni, mikono yake ikiwa mbali. Injini ikisogea kidogo, ni sawa. Ikiruka au ikilala upande, mauntingi imekufa.

Kumbuka pia kwamba si kila mtetemo unatoka kwenye mpira. Plagi ikiwa mbovu, silinda moja haiwaki vizuri na gari hutetemeka. Kagua plagi kabla ya kununua mauntingi.

WAKATI WA KUFUNGA

Kazi hii ni ya fundi, lakini mwenye gari asimame na kutazama. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Injini iinuliwe kwa jeki, na kipande cha mbao kiwekwe kati ya jeki na sampo ili sampo isipasuke. Mtu asipitishe mkono chini ya injini inayoning'inia. Mauntingi mpya zikishawekwa, bolti zisikazwe mpaka mwisho kabla injini haijakaa juu yake kwa uzito wake wote. Zikikazwa mapema, mpira hukaa umejipinda, na utakufa upesi.

Zote mbili za injini zibadilishwe pamoja. Mpya ikifungwa na kuukuu, mpya hubeba kazi ya mbili.

TUFANYE HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Uliza bei za kweli dukani.

Mauntingi mpya moja ni shilingi 40,000. Mbili ni shilingi 80,000.
Mpira wa tairi mmoja ni shilingi 20,000. Miwili ni shilingi 40,000.
Kikundi kiliokoa shilingi 40,000.

Sasa hasara:
Kuchomelea chuma chenye ufa: shilingi 30,000.
Kuziba rejeta: shilingi 50,000.
Nati na gasketi ya bomba la moshi: shilingi 15,000.
Gari kulala siku 4, kila siku shilingi 25,000: shilingi 100,000.
Jumla: shilingi 195,000.

Na baada ya hayo yote, mauntingi za kweli bado zitanunuliwa. Rahisi imekuwa ghali.

NENO LA MWISHO

Mama Mwenyekiti alipoelezwa hivi, aliagiza mambo matatu. Oili inayovuja izibwe. Mauntingi za aina ya kwanza zinunuliwe. Na kila mwezi dereva akague mipira, aandike katika daftari la kikundi alichokiona.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Sasa katika kikundi wako watu wanaojua kusoma. Daftari likiandikwa, litasomwa mkutanoni. Ufa mdogo utajulikana ungali mdogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fundi akikuambia, "Hiki hakifi," muulize swali moja tu: "Kama hiki hakifi, ni kipi kitakachokufa badala yake?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja kazi tatu za mauntingi.
2. Kwa nini oili izibwe kabla ya kufunga mpira mpya?
3. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 900 kwa dakika, huwaka mara ngapi kwa dakika?
4. Itazameni mashine ya kusaga au pampu ya maji ya kijiji chenu. Imekaa juu ya nini? Je, kuna nati zinazolegea mara kwa mara? Kwa nini?