Kompyuta nzito isitupwe kabla ya kupimwa

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, mfumo wa kompyuta iliouingiza sokoni Julai 2015. Kwa ofisi kubwa, hiyo ilikuwa kazi ya kitengo cha kompyuta. Kwa mwenye duka la pembejeo, mashine ya kukoboa mpunga, au chama cha ushirika kinachotunza hesabu za wakulima wote katika kompyuta moja iliyoko kwa katibu, hilo ni suala la mfukoni.

Ni suala la mfukoni kwa sababu kompyuta hizo nyingi zimeshazeeka na zimekuwa nzito. Mwenye nayo akilalamika kwamba inaganda, jibu analopata kwa wauzaji ni lile lile: hii imekwisha, nunua mpya. Fedha iliyokuwa inunue mbolea au vifungashio inakwenda dukani, na pengine ugonjwa ulikuwa mdogo tu.

Tunaona kuwa hapa yanachanganywa mambo mawili. La kwanza ni uzito wa kompyuta, ambao mara nyingi hutibika kwa gharama ndogo. La pili ni usalama wa mfumo wenyewe, ambao ukishakwisha hautibiki kwa kufuta vumbi. Kila moja lina dawa yake.

Tuanze na uzito. Kabla fundi hajagusa kitu, nakili hesabu na kumbukumbu zote kwenye diski ya nje au flashi, kisha uitunze mbali na kompyuta hiyo. Kompyuta inayoganda inaweza kuwa na diski inayokufa, hasa ikiwa inatoa mlio wa kugongagonga au faili dogo linachukua muda mrefu kufunguka. Kuihangaisha diski ya namna hiyo kunaweza kuimaliza, na hesabu za msimu mzima zikaenda nayo.

Baada ya hapo, pima. Katika Windows 7 na Windows 10, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager linaloonyesha programu zinazoendelea na zinachokula. Katika Windows 10 dirisha hilo huonyesha pia kazi ya diski. Memori ikiwa imejaa wakati wote, tatizo ni memori. Diski ikiwa asilimia 100 kwa muda mrefu ilhali hakuna kazi inayofanyika, shaka iende kwenye diski, au kwenye programu inayoisomasoma bila wewe kujua. Prosesa ikihemea bila sababu, tafuta virusi.

Usisahau joto. Kompyuta iliyo karibu na mashine ya kusaga au ghala la nafaka hujaa vumbi na pumba kwenye feni. Ikipata joto kupita kiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo dawa ni kuizima, kuifungua na kuisafisha, kazi ambayo haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya.

Kisha zitazame programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Katika Windows 10 orodha yake imo katika Task Manager, upande wa Startup; katika Windows 7 hupatikana kwa kuandika msconfig. Kuizuia programu isijiwashe si kuifuta, bado utaifungua ukiihitaji. Programu ya kuua virusi ndiyo isiguswe, nayo iwe moja tu. Mbili zikifanya kazi kwa pamoja hugombana na kuzidisha uzito.

Diski iliyojaa nayo hulemea. Hamisha video na muziki, ondoa programu zisizotumika, na tumia Disk Cleanup iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Kupanga upya mafaili, kazi ambayo mafundi huiita difragi, kunaisaidia diski ya zamani inayozunguka. Kwa SSD hakuna maana. Na programu zinazotangazwa kwamba zitaifanya kompyuta ipae kwa kubonyeza mara moja ziepukwe, kwani baadhi yake ndizo zinazoleta virusi.

Ikiwa bado ni nzito, vipo vifaa viwili vya kufikiria kabla ya kompyuta mpya. Cha kwanza ni SSD badala ya diski inayozunguka. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inaweza kuwaka kwa chini ya dakika moja. Cha pili ni memori. Hapa mnunuzi awe makini: Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hivyo kuiongezea hadi GB 8 ni kutupa fedha mpaka mfumo wenyewe ubadilishwe kuwa wa biti 64.

Sasa usalama, na hapa hatutaki kumfariji mtu. Mfumo ukisitishiwa huduma, hauzimiki. Unaendelea kuwaka kila asubuhi kama kawaida, na ndiyo maana watu wanauamini. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama. Kila tundu jipya linalogunduliwa na wahalifu hubaki wazi. Windows XP ilifikia hapo Aprili 8, 2014, na Windows 7 Januari 14, 2020.

Anayedhani hayo ni maneno ya wauzaji akumbuke Mei 12, 2017. Virusi vya WannaCry vilisambaa katika nchi takriban 150, vikafunga mafaili na kudai malipo ya kuanzia dola 300 ili vifungue. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Kompyuta nyingi zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa na huduma, ila wenyewe hawakuwa wameiweka dawa.

Kwa mwenye Windows 10, njia zipo. Ikiwa ni halali na kompyuta inakidhi masharti, kuhamia Windows 11 hakuna malipo. Masharti hayo ni pamoja na memori ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa Intel kwa kawaida ni ya kizazi cha nane kuendelea, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Isiyokidhi inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo hazilipiwi. Lakini hakikisha kwanza kwamba programu yako ya hesabu na printa vitafanya kazi humo.

Asiyeweza yote hayo aiondoe kompyuta hiyo kwenye intaneti. Ibaki ya kuandikia barua na kuchapa orodha, isiingiziwe flashi za wapita njia, na isitumike kabisa kufungulia akaunti ya benki.

Tunawashauri wanaonunua kompyuta za mitumba waulize kizazi cha prosesa kabla ya kutoa fedha. Mashine inayong'aa lakini haiwezi kupokea mfumo wenye huduma si rahisi, hata kama bei yake ni ndogo.

Mafundi nao waandike kwenye risiti walichokikuta na walichobadilisha, ili mteja ajue alicholipia. Na kamati za vyama vya ushirika ziweke matengenezo ya kompyuta na nakala za kumbukumbu katika bajeti ya kila mwaka, kama zinavyoweka mizani na maturubai. Mkulima aliyepeleka kilo zake ana haki ya kukuta jina lake na uzito wa mazao yake siku ya malipo. Daftari hilo sasa limo ndani ya kompyuta, na likipotea, hakuna mzani utakaolirudisha.