Uozo Uliojificha Ndani ya Faiba

Mchimbaji mzoefu wa Nyarugusu, au mwenzake wa Kahama mkoani Shinyanga, haingii shimoni kwa kuamini macho peke yake. Huugonga mwamba kwa mtaimbo na kusikiliza: ukilia kwa sauti kali, ni mzima, ukiitika kwa sauti nzito, kana kwamba ndani mna utupu, hujiondoa upesi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akishapata fedha na kuteremkia mwalo wa Nkome kununua boti ya faiba iliyokwisha kutumika, hutazama rangi, huwasha mashine, kisha hulipa.

Boti hizi zinazidi kuonekana katika Ziwa Victoria, hasa baada ya Serikali kugawa boti za kisasa kwa mkopo mjini Mwanza mwaka 2024. Yasemwa kwamba faiba haiozi. Hiyo ni nusu ya kweli. Nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi haziliwi na kuvu. Lakini katika boti nyingi sehemu zibebazo mzigo, yaani sakafu, mihimili ya chini na ubao wa shetri unaofungiwa mashine, ni plaiwudi iliyovikwa faiba. Maji hupenya katika tundu la skrubu lisilozibwa vema, nalo ganda huyazuia yasikauke. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Ukipita asilimia 30 hivi, kuvu hustawi, hasa katika joto la nyuzi 25 hadi 30. Ziwa hutoa hayo mwaka mzima, tena bila chumvi. Chumvi huzuia uozo, ndiyo maana wajenzi wengine wa merikebu za zamani huko Marekani waliishindilia baina ya mbao. Aliyezoea boti za Dar es Salaam asijidanganye afikapo Geita.

Mtaimbo wa mchimbaji hapa ni mpini wa bisibisi. Shetri lote ligongwe, inchi kwa inchi, na kila mahali sauti inapofifia patiwe alama ya chaki. Kisha mguu wa mashine uinuliwe na kushushwa kwa nguvu: shetri likipinda, au nyufa zikitokea pembeni, ubao umelegea. Skrubu moja ing'olewe. Ikitoka na maji ya hudhurungi, shaka imekwisha. Pakibaki wasiwasi, tundu la milimita 3 litobolewe kutoka ndani. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni habari njema. Unga mweusi, uliolowa, ni shetri litakalong'oka usiku pamoja na mashine, wavuvi wakiwa mbali na nchi kavu, na maji yakiingia kwa nyuma.

Wako wanaodai kwamba kazi hii ni ya mafundi. Dai hilo ni dhaifu. Kuvu hufundishwa kwa picha za kitabu na sauti kwa michoro, hali shule za Geita na Chato ziko karibu na mialo. Mwalimu aweza kuchukua vipande viwili vya plaiwudi vilivyo sawa, akaloweka kimoja na kukifunga ndani ya plastiki kwa muhula mzima, kisha wanafunzi wakavipima uzito na kuvigonga vyote viwili.

Muuzaji akikataa boti yake isitobolewe, mnunuzi aondoke. Tundu la milimita 3 huzibwa kwa gundi kidogo kabla ya jioni.