Chai Haikuzi Mikono

Mtu wa kwanza kuutambua ugonjwa wa shangazi yangu hakuwa daktari. Alikuwa karani wa sako, mwezi wa bonasi. Alishika kitambulisho, akatazama picha, akamtazama shangazi, akarudia picha, kisha akasema, "Mama, huyu si wewe." Shangazi akarudi nyumbani Konoin bila pesa, analia njia nzima. Ilibidi chifu aandike barua kuthibitisha kwamba mwenye uso ule na mwenye picha ile ni mtu mmoja.

Kabla hujamlaani karani, ngoja kwanza. Alifanya kazi ambayo zahanati haikuifanya kwa miaka tisa. Alilinganisha.

Miaka tisa, jamani! Shangazi alianza na gambuti namba tano, akaenda saba, mwishowe akawa anavaa za marehemu mumewe, namba tisa. Pale kituo cha kununua chai walicheka eti amerithi shamba pamoja na viatu. Pete ya ndoa ilikatwa na fundi wa baiskeli. Sauti ikawa nzito, ukimpigia simu unadhani umepokewa na mzee. Taya likatokeza, meno ya chini yakaachana, na kwa kuwa kwetu mwanya ni urembo, wengine wakamsifu. Alikuwa akiloa jasho asubuhi ya baridi wakati sisi wengine tumejifunika masweta.

Alipokwenda zahanati kulalamikia ganzi ya vidole, aliambiwa: ni chai hiyo, mama, punguza kuchuma. Kisukari kilipokuja, aliambiwa ni cha ukoo. Presha ikapanda, akapewa dawa ya presha. Kila ugonjwa ulikuwa na kadi yake, na kila mwezi alipimwa uzito na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyeziweka kadi hizo pamoja mezani na kumtazama usoni mwenye kadi.

Sikatai kwamba chai inaumiza. Wachumaji wa Kericho wamepeleka kesi hadi mahakama za Uskoti kwa ajili ya migongo yao, na sitaki mtu atumie maneno yangu kuwapinga. Lakini kazi inapasua mikono, inaipa sugu, inaitia maumivu. Haipanui mifupa ya taya. Haikuzi ulimi. Anayemwambia mwanamke wa miaka arobaini kwamba mguu wake umeongezeka namba nne kwa sababu ya kazi, huyo amechoka kufikiri.

Ugonjwa wenyewe unaitwa akromegali. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Ikiota uvimbe, ambao kwa kawaida si saratani, inaweza kumwaga homoni ya ukuaji bila breki. Mtoto akipatwa na hali hiyo hurefuka kupita kiasi. Mtu mzima hawezi kurefuka tena, maana ncha za mifupa yake zimeshafunga, kwa hiyo anapanuka: mikono, miguu, pua, paji la uso, na ndani huko moyo wenyewe. Si ugonjwa wa jana. Mfaransa Pierre Marie aliupa jina hilo mwaka 1886. Mwaka 1909 daktari Harvey Cushing alimpasua mkulima mmoja wa Marekani mwenye ugonjwa huu kwa kupitia puani. Mkulima, msomaji. Zaidi ya karne imepita.

Watu wa afya wana jibu moja tayari: ni ugonjwa wa nadra. Haya, tupige hesabu. Tafiti za nchi zinazohesabu wagonjwa wake zinapata kati ya watu 28 na 137 kwa kila milioni. Sensa ya 2019 ilikuta watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Kama miili yetu ni kama ya wengine, basi kaunti hizi mbili zina wagonjwa kati ya 50 na 240. Wako wapi? Wako kwenye foleni ya kisukari. Wako kwenye foleni ya presha. Wengine wako kwa mganga, wanatolewa uchawi.

Jibu la pili: hatuna mashine. Kweli, MRI si kitu cha zahanati ya kijijini, na dawa za sindano za kila mwezi ni ghali kwa mtu anayelipwa kwa kilo. Lakini kuuliza "unavaa kiatu namba ngapi, na zamani ulivaa namba ngapi?" kunahitaji mashine gani? Kila Mkenya mzima hutembea na picha yake ya zamani mfukoni, na serikali ndiyo iliyompiga. Muuguzi aitazame! Akitilia shaka, atume damu ikapimwe IGF-1. Na wanaolilia gharama wajue hili: uvimbe ukiwa chini ya sentimita moja, upasuaji mmoja wa daktari mzoefu huwaponya wengi. Ukishakua, hao wanaopona hupungua hadi karibu nusu, na waliobaki ndio wanaohitaji hizo sindano maisha yao yote. Kwa hiyo kutomtazama mtu mapema ndiko kunakomaliza pesa.

Sisi nyumbani je? Mimi niliyesoma, ninayeandika hapa kwa ukali, nilicheka siku ile aliyovaa gambuti za mjomba. Nilimuona kila Desemba, na kila Desemba nilisema shangazi amenenepa, bonasi imemkubali. Albamu ya harusi yake ilikuwa kabatini sebuleni. Sikuifungua.

Uvimbe ulipoonekana kwenye picha, ulikuwa umeshabana mishipa ya macho. Alipasuliwa Nairobi, kwa puani, kama yule mkulima. Sukari imeshuka, vidole vimepungua unene, jasho limekwisha. Taya halirudi, kwa sababu mfupa ukishapanuka umepanuka, na bado haoni bodaboda inayotokea ubavuni, kwa hiyo mtoto humshika mkono akivuka barabara. Alipiga picha ya kitambulisho kipya. Oktoba alikwenda kuchukua bonasi, akahudumiwa na karani yule yule, bila barua ya chifu.