Coccinelle ya nkambo si gari ya kumfundishia mtoto

Mwezi huu mtoto wangu wa kwanza anatimiza miaka 18. Tangu Pasaka anaongea jambo moja tu: permi, na baada ya permi, gari. Na gari anayoitaka iko tayari, kwa nkambo wake, hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Kamalondo. Iko chini ya mwembe, imefunikwa bashi: Coccinelle ya rangi ya maziwa ambayo baba yangu aliinunua mkononi mwa mtu wakati wa Zaire, nayo ilikuwa imekwisha kuzeeka siku hiyo.

Kijana ameipiga picha mara nyingi kuliko alivyompiga mama yake. Rafiki zake wanaiita klasiki. Nkambo mwenyewe anasema achukue, mradi aioshe kila Jumamosi. Nyumbani kwangu kila mtu alikubali ila mimi, na naandika hapa kwa sababu najua mimi si mzazi peke yangu katika mji huu, wala katika Bukavu, Bunia au Kalemie, anayeulizwa swali hili.

Nianze na heshima. Coccinelle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, kule Meksiko, Julai 2003. Motere iko nyuma na inapozwa na upepo, kwa hiyo hakuna radiateri ya kuchemka kwenye mlima. Mimi nilijifunza ndani ya gari hiyo hiyo. Basi siisemi vibaya kwa kutoijua.

Ni kwa kuijua. Uzito wake uko nyuma. Ukiingia kona kwa mwendo, halafu ukaogopa na kuacha aksereta ghafula, mkia unataka kupita mbele, na barabara ikiwa na maji unapita kweli. Dereva wa zamani anasikia jambo hilo mgongoni kabla halijatokea. Mtoto wa miaka 18 akiogopa, kitu cha kwanza anachofanya ni kuacha aksereta. Breki za yetu ni za ngoma kwa magurudumu yote manne. Umeme wake ni wa volti 6, yaani usiku unatafuta barabara kama mtu aliyeshika mshumaa. Mikanda haina. Tangi ya esansi iko mbele. Na mhimili wa usukani ni chuma kimoja kigumu kinachoelekea kifuani mwa dereva; magari ya kisasa yamefanywa ili chuma hicho kijikunje wakati wa ajali, hii haikufanywa hivyo.

Nilimpeleka fundi wetu aitazame, mzee wa gereji moja ya Katuba. Aliizunguka, akaipigapiga ubavuni, akacheka kwa furaha ya kuonana na rafiki. Halafu akanivuta pembeni: "Papa, gari ni nzuri. Lakini mutoto usimupe hii kwanza."

Sasa, kuna hoja moja ya kijana wangu ambayo sikuweza kuijibu upesi. Alisema: "Papa, Coccinelle iko na usukani upande wake." Ana haki. Kwetu tunaendesha upande wa kuume, na gari hii ina usukani kushoto kama inavyotakiwa. Lakini karibu magari yote madogo tunayoyapata yametoka Japani, yamepita Dar es Salaam au Mombasa, na usukani wake uko kuume. Kinshasa ilishatoa makatazo juu ya jambo hili, na magari yanaendelea kuingia Kasumbalesa kama kawaida.

Tumezoea, ndiyo, lakini fikirini kidogo. Uko barabara ya Likasi, nyuma ya lori la madini. Wewe dereva umekaa upande wa mtaro. Ili uone kama kuna gari inayokuja mbele, lazima nusu ya gari yako iwe imekwisha kutoka katika mstari wako. Tena mwenzako aliyekaa kushoto ndiye anayekuambia "pita" au "ngoja". Ninajua watu wazima wanaoweka maisha yao katika neno la kondakta. Mimi mtoto wangu sitamwacha aweke yake katika neno la rafiki aliyetazama simu.

Kwa hiyo nimechagua nini? Toyota Starlet ya miaka ya 1990. Nayo imekuwa ya zamani, kijana akitaka kuiita klasiki aiite. Ilikoma kutengenezwa mwaka 1999, Vitz ikachukua nafasi yake, ile ambayo Ulaya waliiita Yaris. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, breki za mbele ni za diski, mikanda ya mbele inapita begani na kiunoni. Motere ya 1300 waliyoitumia katika nyingi ni ndugu ya zile za Corolla ndogo za wakati huo, basi piyesi hazikosekani, na fundi yeyote anaifungua akifumba macho. Nilitaka iliyouzwa Ulaya, yenye usukani kushoto. Zipo, lakini kuzipata huku kwetu ni kazi. Nikikosa, nitachukua ya kuume, na mwaka wa kwanza kijana hatatoka nje ya mji nayo. Hapo hatupatani bado.

Wengine wataniambia: nunua Vitz, ni mpya zaidi, ina airbag. Ni wazo zuri, lakini uliza kwanza. Airbag za kampuni ya Takata ziliwekwa katika mamilioni ya magari ya viwanda vingi tangu mwanzo wa miaka ya 2000, Toyota ikiwemo, kisha viwanda vikayaita magari hayo yarudi. Joto na unyevu vinaharibu baruti iliyo ndani, na siku inapofunguka inaweza kurusha vipande vya chuma. Magari yaliyouzwa Afrika baada ya kutumika Japani, mengine hayakubadilishwa kitu. Namba ya shasi inatosha kuuliza kwenye intaneti.

Na yeyote anayenunua, atazame matairi kabla ya rangi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukisoma 2312, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, hata kama muuzaji amelipaka dawa likang'aa kama kiatu cha arusi. Kanyaga breki kwa nguvu na usiachie nusu dakika: pedali ikizama polepole, ondoka. Pitisha sumaku ubavuni. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki, na chini ya mastiki kuna ajali ya mtu.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Kodi ya barabara yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na miaka ya kuendesha gari ni 18. Najua wazazi wanaowapa watoto wa miaka 15 funguo kwa sababu askari wa rulaje anajua namna ya kupatana. Askari atapatana, lori halitapatana.

Kinachonitia hofu zaidi hakimo hata katika gari. Ni viti vitatu vya nyuma. Kijana akiwa peke yake anaendesha kama nilivyomfundisha. Akipakia rafiki wanne, muziki juu, saa nne za usiku kutoka harusini, huyo ni dereva mwingine nisiyemjua. Nimemwambia: miezi sita ya kwanza, abiria mmoja, na giza likiingia funguo ziko mezani. Mama yake alisema nimekuwa mkali. Nkambo alinyamaza, akasema tu kwamba mwaka ule mimi nilipoitoa Coccinelle usiku bila ruhusa, yeye hakulala.

Sikujua kwamba alijua.

Jumamosi tunakwenda Bel-Air kuona Starlet moja, ya kijani, usukani kuume kwa bahati mbaya. Fundi anakuja nasi, na kijana ndiye atakayebeba sumaku. Coccinelle inabaki chini ya mwembe. Tumeagiza betri mpya, na Jumapili ya kwanza ataiendesha kutoka kwa nkambo hadi kanisani, mimi nikiwa pembeni yake.