Gari ya umeme ya kutumika: mnunuzi aanze na betri

Anayenunua gari ya kutumika Lubumbashi au Bukavu huangalia moteri, matairi, kisha kilometa. Kwa gari ya umeme, ambazo bado ni chache huku, mazoea hayo hayatoshi. Kitu cha bei kali ndani yake ni betri, na betri inabeba tabia ya mwenye gari wa kwanza.

Mfano ni Nissan Leaf, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2010. Betri ya Leaf hizo za kwanza haipozwi kwa maji. Mwaka 2012, wenye gari hizo katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako joto ni kali, walilalamika kwamba mwendo wa gari kwa chaji moja unapungua haraka. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijiti 12 vidogo vinavyopungua kadiri betri inavyozeeka. Muuzaji asiyetaka kuwasha gari ili vihesabiwe, aachwe na gari yake.

Betri ya lithiamu inachoka mapema ikikaa siku nyingi imejaa 100%, zaidi juani. Kuiacha karibu na sifuri pia kunaiumiza. Kwa kazi ya kila siku, inatosha kusimamisha chaji kwenye 80% na kuchomeka tena kabla ya kushuka chini ya 20%. Kujaza kabisa ni kwa safari ndefu, tena mtu aondoke mara tu inapojaa. Kuchaji kwa kasi kunaleta joto, kusiwe kwa kila siku.

Sasa, mahali umeme unapokatika bila taarifa, nani atachomoa kwenye 80%? Ukirudi, wakaaji wanachomeka kila kitu mpaka kijae. Inaeleweka, lakini kwa gari ni kujipunguzia mali bure: mizunguko ya mjini kwa siku haimalizi hata nusu ya betri yenye afya.

Si betri zote zinafuata sheria hiyo. Zile za chuma na fosfati, ambazo kobalti ya Kolwezi haimo kabisa, zinavumilia zaidi kujazwa. Tesla imeshauri wenye betri hizo wazijaze 100% angalau mara moja kwa wiki, ili kompyuta ya gari isikosee kipimo. Basi mnunuzi aulize kwanza ni betri gani. Jibu limo katika kitabu cha gari, ambacho kwa gari zilizotoka Japani kimeandikwa Kijapani.