Mgeni na Jembe: Ukoo wa Mazrui na Suala la Uenyeji Mombasa

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hukaririwa mno madarasani, lakini ni nadra kutumiwa kupimia suala ambalo limewagawa wanahistoria na wahakiki wa fasihi kwa muda mrefu: mtu aliyehamia pwani ya Afrika Mashariki huacha lini kuwa mgeni? Wapo wanaoshikilia kwamba mwenye asili ya Uarabuni atabaki Mwarabu vizazi na vizazi, na kwamba fasihi iliyostawi chini ya utawala wake ni ya kuazima. Wapo pia wanaoona kuwa kusema Kiswahili kunatosha kufuta kila deni. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimeteleza, na ushahidi wake ni historia ya ukoo wa Mazrui, ambao makaburi yake yapo karibu na Ngome ya Yesu, Mji wa Kale wa Mombasa.

Ukoo huu ulitoka Omani. Katika miaka ya 1730, Muhammad bin Uthman al-Mazrui aliteuliwa kuwa liwali wa Mombasa na watawala wa nasaba ya Yaarubi. Albusaidi waliposhika hatamu huko Omani, liwali huyo alikataa kuwatambua, akauawa. Nduguye, Ali bin Uthman, akaitwaa tena ngome katikati ya miaka ya 1740, na Mombasa ikawa na mamlaka yake kwa takriban miaka tisini. Mamlaka hayo hayakusimama kwa mizinga peke yake. Yalitegemea ridhaa ya Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa, ambao wengi wao nao walikuwa wamehamia kisiwani, kama majina yao yanavyoshuhudia: Wakilifi, Wamtwapa, Wafaza, Wapate. Kwa hiyo, anayeuliza nani ni mwenyeji asilia wa Mombasa aghalabu huwa anauliza tu nani alitangulia kuhama. Katika mazingira hayo ndimo Muyaka bin Haji alimotunga mashairi yake, akiutetea mji na watawala wake dhidi ya Albusaidi.

Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliutwaa mji, akisaidiwa na nyufa zilizokuwa zimeingia ndani ya ukoo wenyewe baada ya kifo cha liwali Salim bin Ahmad mwaka 1835. Viongozi wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Waliosalia walihama tena: tawi moja likaenda Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na jingine Gazi, kusini. Hapa ndipo methali inapopata uzito wake. Waliofukuzwa walikuwa na sababu ya kurejea Omani, lakini walichagua pwani. Hata Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliposhindwa katika vita vya 1895 na 1896 dhidi ya Waingereza, alivuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani, akaishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Hata hivyo, jembe lilishikwa na nani? Swali hili haliepukiki. Mashamba ya nafaka ya Takaungu na Gazi yalilimwa na watumwa. Baadhi yao walitoroka na kujijengea makazi ya watoro kama Fuladoyo, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Anayeisimulia safari ya ukoo huu kama hadithi ya mashujaa waliofukuzwa kwao, akawasahau waliolima bila ujira, anasimulia nusu ya habari. Uenyeji wa bwana haukutimia kwa kuwapa wengine jembe.

Jembe ambalo wana wa ukoo huu walilishika kwa mikono yao wenyewe ni la lugha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) aliiandika historia ya jamaa zake kwa Kiarabu, lakini alipotaka kuwazindua majirani zake alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alihamia magharibi na kufundisha Marekani kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 2014, mwili wake ulirejeshwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya ukoo. Naye Alamin Mazrui, katika tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), aliupa sauti mgogoro wa wafanyakazi wa shambani dhidi ya mwenye shamba. Mtu wa ukoo uliowahi kumiliki mashamba ya watumwa akasimama upande wa mlimaji. Hapana dalili ya uenyeji iliyo kubwa kuliko kulichukua deni la mahali kuwa lako.

Inafuata basi kwamba Muyaka asifundishwe kama msanii wa kasri la wageni, wala kama sauti safi ya wazalendo isiyo na doa. Mwanafunzi anayesoma tungo zake hana budi kujua pia yaliyotokea Takaungu na Gazi baada ya 1837. Idara za Kiswahili, ambazo kila mwaka hutuma wanafunzi nyanjani kukusanya fasihi simulizi, zinaweza kuwatuma huko wakasikilize masimulizi ya wazao wa watumwa sawasawa na ya wazao wa mabwana, kwani pande zote mbili huyasimulia kwa Kiswahili. Wazee wanaoyakumbuka wanazidi kupungua, na mtaala hauna haki ya kungoja mpaka wabaki wa upande mmoja tu.