Krismasi ya Mwaka Huu Itakuwa Wapi?

Kila unapoingia mwezi wa Desemba, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za mji wa Kampala, nalo aghalabu huzuka wakati wa chakula cha jioni: Krismasi ya mwaka huu itakuwa wapi? Watoto wamekwisha kufunga shule, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Uganda humalizika mapema mwezi huo, nao hawana kazi ila kuhesabu siku. Baba huwaza nauli. Mama huwaza nguo za watoto, zawadi za wazee na mtu wa kulinda nyumba. Swali lenyewe ni jepesi kuulizwa, lakini jibu lake ndilo litakaloamua kama familia itauingia mwaka mpya kwa furaha au kwa madeni.

Dunia haina upungufu wa mahali pa kusherehekea sikukuu hiyo. Rovaniemi, mji wa Finland ulio karibu kabisa na mstari wa Aktiki, hupokea wageni kutoka nchi nyingi wanaowapeleka watoto wao kumwona Baba Krismasi katika theluji. Nuremberg huko Ujerumani hujulikana kwa soko lake la Krismasi lenye umri wa karne kadhaa. Bethlehemu, penye Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, ni tamanio la Wakristo wengi, ingawa vita vya Gaza vilisababisha sherehe za hadhara zifutwe huko mwaka 2023, wakabaki watu na sala zao tu. Hapa Afrika, makanisa 11 ya Lalibela nchini Ethiopia, yaliyochongwa katika mwamba, hufurika mahujaji tarehe 7 Januari, ambayo ndiyo Krismasi ya Waorthodoksi wa nchi hiyo. Na huko Mkunazini, Zanzibar, limesimama Kanisa Kuu la Anglikana mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo.

Hizo ni safari njema kwa mwenye uwezo. Lakini mkazi wa Kampala akiulizwa atakwenda wapi Krismasi, mara nyingi hataji Finland wala Zanzibar. Hutaja kijiji.

MJI WAHAMA

Juma moja kabla ya sikukuu, vituo vya mabasi vya Kisenyi na Namayiba, pamoja na vituo viwili vikuu vya teksi, cha zamani na kipya, hujaa watu hata pasiwepo pa kukanyaga. Kuna waendao Mbale, zaidi ya kilomita 200 upande wa mashariki. Kuna waendao Gulu, zaidi ya kilomita 300 upande wa kaskazini. Kuna waendao Kabale, zaidi ya kilomita 400 upande wa kusini-magharibi. Na kuna waendao Arua, safari inayokaribia kilomita 500. Kila mmoja amebeba mzigo: mikate, sukari, sabuni, mchele, gomesi mpya ya mama mzazi, kanzu au koti la baba. Baadhi ya Waislamu pia hupanda mabasi hayo, maana likizo ni ya wote na wazazi hawana dini moja. Ifikapo tarehe 25, barabara za Kampala ambazo siku nyingine humchosha mtu kwa msongamano wa magari huwa tupu.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Kampala ni mji uliokuzwa na watu waliotoka kwingine kutafuta elimu na riziki, hasa baada ya reli kuufikia mwaka 1931. Wengi wao hadi leo huuita mji huo mahali pa kazi, na neno nyumbani hulihifadhi kwa ajili ya kule kulikozikwa babu. Huko ndiko liliko shamba, ndiko waliko wazee, na ndiko mambo ya ukoo hukatwa. Krismasi ni wakati ambapo ndugu wote hupatikana pamoja. Kwa hiyo posa hupelekwa siku hizo, mipaka ya mashamba husemwa, wagonjwa hutembelewa, na watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa kwa bibi zao.

Tena kila upande una chakula chake cha kumkaribisha mtoto aliyerudi. Buganda, ambako sikukuu hiyo huitwa Ssekukkulu, hapakosi matoke na luwombo, yaani nyama au kuku aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Ankole kuna eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Bugisu kuna malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Acholi kuna malakwang, mboga yenye uchachu ichanganywayo na ufuta au karanga. Mtoto wa mjini anayevijua vyakula hivi kwa jina tu hujifunza mengi kwa siku tatu za kuketi jikoni na bibi yake, pamoja na lugha ambayo shule haikumfundisha.

NJIA IKIWA WAZI

Vijana wa leo huweza kudhani kwamba safari ya kwenda nyumbani ni jambo lililokuwapo siku zote, kazi ikiwa ni kutafuta nauli tu. Wazazi wao wanajua sivyo. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Idi Amin, sukari na sabuni zilipatikana kwa magendo, na mwenye kwenda kijijini na kilo mbili za sukari alionekana mtu mkubwa. Mapema katika miaka ya 1980, vizuizi vya askari barabarani vilimfanya msafiri asali kabla ya kila kimoja. Krismasi ya mwaka 1985 iliikuta nchi imegawanyika: mji mkuu ulikuwa chini ya serikali ya Tito Okello, na sehemu kubwa ya magharibi ilikuwa mikononi mwa jeshi la NRA. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa sahihi Nairobi tarehe 17 Desemba, lakini haukudumu, na Kampala ilitekwa Januari 1986. Kwa watu wa Acholi taabu iliendelea miaka 20 zaidi. Wengi walifanya Krismasi zao katika kambi za wakimbizi wa ndani, hadi mapigano yaliposimamishwa kwa mapatano ya Agosti 2006.

Hata maradhi yamepata kuifunga njia. Ugonjwa wa Ebola ulipozuka mwaka 2022, wilaya za Mubende na Kassanda zilizuiliwa watu wasiingie wala kutoka. Zuio hilo liliondolewa tarehe 17 Desemba, siku nane tu kabla ya Krismasi, na familia zilizokuwa zimekata tamaa zikaanza kufunga mizigo kwa haraka. Mtu aliyeyaona mambo hayo hamshangai jirani anayetumia akiba yake yote ili akale chakula kimoja na mama yake. Anajua kwamba njia iliyo wazi mwaka huu si lazima iwe wazi mwaka ujao.

WAZAZI WAKIWA PANDE MBILI

Ugumu mwingine hauko barabarani bali ndani ya nyumba. Kampala huwakutanisha vijana wa kila kabila, wakaoana. Mume atoka Kabale, mke atoka Mbale. Njia ya huyu yaelekea machweo na njia ya yule yaelekea mawio. Haiwezekani kuwa pote siku moja. Katika nyumba nyingi desturi huamua kwamba mke amfuate mume, na mwaka hufuata mwaka bila yule mama wa Mbale kuwaona wajukuu wake. Mke hunyamaza, lakini kunyamaza si kuridhika, na manung'uniko ya namna hiyo hujitokeza baadaye katika ugomvi usiohusiana kabisa na Krismasi.

Nyumba zenye busara zimepata njia mbalimbali. Wako wanaopokezana: mwaka huu kwa wazazi wa mume, mwaka ujao kwa wazazi wa mke. Wako wanaokula Krismasi upande mmoja, kisha wakatumia likizo ya Pasaka au ya Agosti upande wa pili, wakati nauli ni nafuu na mzee ana nafasi ya kuzungumza. Wako pia wanaomleta mzazi Kampala, hasa akiwa mjane au akihitaji kuonana na daktari, kwa kuwa nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko ya watu sita. Lililo muhimu ni kwamba uamuzi ufanywe na wote wawili, tena mapema, na wazee wa pande zote mbili waarifiwe. Mzee akijua kwamba mwaka wake ni ujao, husubiri. Asipoambiwa neno, hukaa mlangoni akiangalia barabara.

NAULI YA KURUDI

Kila mwaka nauli hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, na pengine hufikia mara mbili ya ile ya kawaida. Wenye mabasi hujitetea kwamba gari huenda limejaa na kurudi Kampala likiwa tupu. Abiria hawaridhiki na maelezo hayo, lakini hulipa. Mwenye kuondoka kabla ya tarehe 20 huokoa fedha nyingi, tena husafiri na dereva ambaye hajakesha. Jambo hili la pili lina uzito kuliko la kwanza. Siku za mwisho kabla ya Krismasi madereva hushindana kufanya safari nyingi, na barabara za usiku zimekwisha kuleta misiba katika nyumba zilizokuwa zikingoja wageni. Afadhali mama na watoto watangulie mchana mapema katika mwezi, baba awafuate akipata ruhusa kazini.

Kosa linalowagharimu watu wengi, hata hivyo, ni kufika kijijini na fedha zote mfukoni. Aliyetoka Kampala hudhaniwa kuwa tajiri. Huyu ataomba ada, yule ataomba dawa, vijana watataka kununuliwa kinywaji, na mwenyewe hapendi aonekane bahili. Ikifika tarehe 2 Januari, hana hata nauli ya kurudi, na huanza kumwomba baba yake mzee auze mbuzi. Kwa hiyo nauli ya kurudi hutengwa kwanza, kabla hata ya kununua mkate, na huachwa mahali ambapo haiwezi kuguswa. Fedha za ada ya shule nazo zitengwe vivyo hivyo, kwa kuwa muhula wa kwanza hufunguliwa mwanzoni mwa Februari na shule haipokei habari za sikukuu. Kiasi kinachobaki baada ya mafungu hayo mawili ndicho cha Krismasi. Kikiwa kidogo, basi Krismasi iwe ndogo. Mzazi mwenye akili hufurahi kumwona mwanawe akija na kilo moja ya sukari, kuliko kusikia mwezi wa pili kwamba mjukuu amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

WANAOBAKI MJINI

Wako wasioweza kusafiri kwa sababu ya kazi, ugonjwa au ukosefu wa fedha. Hao wasijione wanyonge. Mji ukiwa mtupu una starehe zake. Ibada ya asubuhi katika makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga, yaliyosimama juu ya vilima vyake tangu robo ya kwanza ya karne ya 20, ni jambo ambalo watu hutoka mbali kuja kuliona. Entebbe ni mwendo wa kilomita 40 hivi tu, na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa huko mwaka 1898 ina vivuli vinavyoshuka hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria. Jinja, kilomita 80 hivi, watoto wanaweza kuona mahali Mto Nile unapoanza safari yake kutoka ziwani, na kulitazama daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018. Kwenye barabara ya Masaka, hapo Kayabwe, mtoto anaweza kuweka mguu mmoja kaskazini ya dunia na mwingine kusini. Familia ikifunga chakula chake katika kapu, gharama haizidi nauli.

Tena katika kila mtaa yuko mtu asiye na wa kwenda kwake: mlinzi wa usiku, mwanafunzi wa mbali, mkimbizi kutoka Kongo au Sudan Kusini, bibi ambaye wanawe hawakuja. Sahani moja zaidi mezani haimfilisi mwenye nyumba. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi swali la Krismasi lisingoje Desemba. Familia ikiliweka mezani mwezi wa Septemba, ikataja kijiji, ikahesabu vichwa na kuanza kuweka nauli kidogo kidogo, itakuwa na miezi mitatu ya kujiandaa. Na wazee wapigiwe simu mapema waambiwe siku ya kufika, ili yule jogoo wa sikukuu asichinjwe kabla wageni hawajashuka kwenye basi.